Kwa mnaoanza kuongoza mahujaji katakombe za Roma

Mwaka wangu wa kwanza kuwaongoza mahujaji wa Kiswahili kwenye katakombe za Mtakatifu Kalisto, zile njia za chini ya ardhi pale kwenye barabara ya Via Appia, kosa langu lilikuwa lilelile kila siku: nilianza na askari wa Roma waliowasaka Wakristo. Nilisimulia jinsi Wakristo walivyoishi humo mafichoni, watu wanatikisa vichwa, nami najiona nafundisha. Mpaka mzee mmoja wa Tanga akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, watu wote hao walipika wapi, na moshi ulitokea wapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hawakuishi humo. Yalikuwa makaburi, na serikali ilijua yalipo. Hilo la maficho liacheni kabisa, hata wageni wakilitaka. Wapeni sababu ya kweli: sheria ya kale ya Roma ilikataza kuzika ndani ya mji, ndiyo maana makaburi yakafuata barabara zinazotoka nje. Wapagani walizika huko, Wayahudi pia walikuwa na katakombe zao. Leo jiji limepanuka hadi huko, ndipo watu wakadhani yalichimbwa chini ya nyumba.

Halafu waonyesheni ukuta. Jiwe lenyewe ni la volkano, linaitwa tufo. Ni laini wakati wa kuchimbwa, likishapigwa na hewa hukaza. Wachimbaji, walioitwa fossores, walikata njia nyembamba kwa sururu, na ubavuni mwa njia wakatoboa nafasi za kulaza maiti, moja juu ya nyingine, kisha wakaziba kwa vigae au bamba la marumaru. Miezi mingi nilihangaika kuzitafutia nafasi hizo jina: rafu, kabati, shimo. Ni yule yule mzee aliyeniokoa. Alipapasa ukuta (msiwaache wapapase, lakini yeye nilimwacha) akasema, "Kumbe mwanandani." Nyumbani alikuwa amewazika majirani Waislamu wengi, na mwanandani ni ile nafasi ya kulaza maiti inayochimbwa ndani ya kaburi lao. Tangu siku hiyo nasema hivyo hivyo: mwanandani, ila huu umechimbwa ukutani, na maiti mwingine yuko juu yake.

Nafasi zikiisha, mara nyingi walishusha sakafu wakaendelea kuchimba chini. Kwa hiyo, katika njia kama hizo, waliotangulia kufa wako juu. Waambieni wageni watazame juu kwanza. Wengi huingia wakitazama miguu yao.

Watauliza mifupa. Kwenye njia tunazowapitisha hawataiona. Kuanzia karne ya 8 na ya 9 mapapa walihamisha masalia ya mashahidi hadi makanisa ya mjini. Papa Paskali I alimchukua Mtakatifu Sesilia mwaka 821. Sanamu iliyolala pale kwenye kaburi lake la zamani ni nakala ya kazi ya Stefano Maderno, basi semeni ni nakala. Kwenye chumba cha mapapa tisa wa karne ya 3, alichokigundua Giovanni Battista de Rossi mwaka 1854, punguzeni maneno. Tarehe wanazo kwenye kijitabu.

Sweta waambieni mapema, hata Agosti, maana chini ni nyuzi 15 hivi. Na kuhesabu watu. Njia za Kalisto ni kama kilomita 20, katika tabaka nne, moja chini ya nyingine. Antonio Bosio, mtafiti aliyejitolea maisha yake kwa mambo haya, alipotea katakombe za Domitila mwaka 1593 huku mishumaa ikimwishia, seuze hujaji aliyeshuka ndege jana.

Mimi niliwahi kuingia na watu 24 nikatoka na 23. Nikarudi mbio. Mama mmoja alikuwa amebaki kwenye kona, amesimama mbele ya nafasi isiyozidi urefu wa mkono wangu. Zipo nyingi za hivyo, za watoto, na mimi nilikuwa nazipita bila neno nikiwahi kwa mapapa. Hakunieleza kitu, nami sikumuuliza. Siku hizi nahesabu kila kona, na kwenye kona ile nasimama kabla ya kusema lolote.