Nyamaza kabla mhusika hajaamua

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni: "Hadithi inawezaje kumfunza mtoto maadili bila kugeuka hotuba?" Inawezekana, msimulizi akikatiza hadithi kabla mhusika hajaamua. Wengi wetu hungoja mwisho ndipo tuulize, "Tumejifunza nini?" Swali hilo huzaa jibu la kasuku: tuwe watiifu, tusiibe. Mtoto amelikariri tangu nasari, wala halimgusi.

Chukua Kintu na mkewe Nambi, hadithi ya watu wa kwanza inayojulikana sana Buganda. Ggulu, baba yake Nambi, amewaonya, wakishuka kutoka mbinguni kwenda duniani, wasirudi nyuma kwa lolote, maana Walumbe, yaani Kifo, kaka yake Nambi, atawafuata. Njiani Nambi anakumbuka ulezi wa kuku wake. Nyamaza hapo. Uliza: "Kuku atakula nini huko waendako? Arudi?" Wape dakika 3 hadi 5 wabishane, kila mmoja atoe sababu. Anayesema "arudi" usimkosoe. Kuku kweli atalala njaa, na ndiyo maana uamuzi ni mgumu. Gharama yake hadithi yenyewe itaionyesha. Nyamaza tena pale Walumbe anapoomba binti mmoja wa Kintu ampikie, kabla Kintu hajajibu. Vituo viwili vinatosha. Cha tatu huua utamu.

Lakini wapo wanaosimulia kuwa aliyerudi ni Kintu. Simulia zote mbili, jioni tofauti, la sivyo wasichana watabaki na fundisho kwamba kifo kililetwa na mwanamke. Hilo si dogo.

Sungura naye, Wakayima kwa Waganda, Apwoyo kwa Waacholi, hushinda kwa hila na watoto wakashangilia. Usiubadili mwisho. Kicheko kikitulia, mwambie mtoto mmoja aigize Fisi aliyedanganywa akifika nyumbani mikono mitupu, watoto wake wakimuuliza chakula kiko wapi.

Stadi za maisha zinataka hadithi fupi ya kutunga: mhusika mmoja, mahali mtoto anapopajua, shida moja, na kibwagizo. Dakika 5 kwa wa miaka 4 hadi 6. Wakubwa huvumilia 10 hadi 15. Mfano, mtoto amepotea sokoni. Anamwendea muuza nyanya, kisha mama mwenye duka, kisha askari polisi, na kila mmoja anamuuliza namba ya simu ya nyumbani. Kibwagizo ni namba halisi ya mzazi, tarakimu 10 zilizokatwa 4, 3, 3 kwa makofi. Kufikia askari, watoto wataiimba wenyewe. Wakubwa waongezewe 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto Uganda.

Usimpe mhusika jina, wala kosa, la mtoto aliyekosea mchana huo. Wenzake watamgeukia, naye hatasikia chochote isipokuwa aibu yake.

Baada ya siku mbili, mwachie mtoto asimulie yeye. Palipomponyoka ndipo pa kurudia jioni hiyo.