Re: Nina miaka 41, nafundisha hesabu Jinja, naweza kuwa injinia wa majengo?

Ndugu mwalimu, unaweza kabisa, mimi niliacha uhasibu nikiwa na 38. Hapa Uganda unaanza na digrii ya uhandisi wa ujenzi, sivil, Makerere au Kyambogo, miaka 4, na kama pointi za A-level haziruhusu kuna ule mtihani wa kujiunga wa watu wazima, miaka 25 kwenda juu. Ukimaliza, bado unafanya kazi chini ya injinia aliyesajiliwa mpaka bodi ya usajili wa mainjinia ikukubali.

Hesabu haitakusumbua, shida ni pesa na familia, kaa na mama watoto mwongee kwanza. Halafu likizo hii nenda saiti, omba hata kazi ya kibarua, uangalie mafundi wakifunga nondo. Zege linabeba mgandamizo, yaani kubanwa, vizuri ila likivutwa linapasuka, ndo maana kwenye biimu (boriti) ya kawaida nondo kubwa zinakaa chini, upande unaovutwa, lakini kwenye balkoni inayoning'inia, iliyoshikwa upande mmoja tu, zinakaa juu, na fundi akizigeuza hiyo balkoni inaweza kuanguka na watu. Mimi nilipoelewa hilo sikulala, nikajua hii ndo kazi yangu. Ukija Kampala nitafute tuongee