Albamu Moja, Nyimbo za Kila Namna

Swali: Mhariri, mbona nyimbo zisizofanana kabisa katika albamu ya filamu ya Pulp Fiction (1994) husikilizika vizuri pamoja? – Msomaji, Lamu

Jibu: Ndugu msomaji, kinachoziunganisha si mtindo bali sikio la mteuzi. Quentin Tarantino, mwongozaji wa filamu hiyo, hakuagiza atungiwe muziki mpya wa kuisindikiza, bali alitumia hasa rekodi zilizokuwapo, ndipo gitaa la Dick Dale likakaa jirani na sauti laini ya Al Green na roki ya Chuck Berry, kila wimbo ukibeba kumbukumbu ya tukio lake. Tena “Misirlou” anaoupiga Dale una lahani kongwe ya mashariki ya Mediterania, na jina lake humaanisha binti wa Misri. Wewe uliyezoea taarabu huko Lamu (nakuonea wivu) huenda wimbo huo usiwe mgeni masikioni mwako. Usiviruke vipande vya mazungumzo vilivyowekwa baina ya nyimbo, kwani ndivyo hulipumzisha sikio.