Digrii ya sheria na kazi ya msaidizi wa kisheria

Mdogo wangu, umeuliza kama ni lazima usome digrii ndiyo uwe msaidizi wa kisheria hapa Mwanza. Si lazima. Kazi hiyo inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wapo wanaoifanya vizuri wakiwa na mafunzo maalumu tu, bila digrii. Digrii ya sheria, kama ile ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) pale Malimbe, ni safari nyingine: ukitaka kuwa wakili, baada yake bado kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo.

Ila ujue mipaka mapema. Msaidizi wa kisheria hamwakilishi mtu mahakamani, na msaada wenyewe hutolewa bure. Anaelimisha, anasaidia kuandaa nyaraka, anamwelekeza mtu mahali sahihi pa kwenda. Usiidharau hiyo ya mwisho! Mjane wa Sengerema anayenyang'anywa shamba na mashemeji anaweza kuzungushwa ofisi hadi ofisi mpaka akate tamaa. Tangu 2021, kwa mfano, baraza la kata linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, haliamui tena. Wengi hawalijui hilo.

Kwa hiyo soma ardhi na mirathi kwa bidii kuliko yote. Na kama Kisukuma chako ni kizuri, kitunze, wazee wengi vijijini hujieleza vyema zaidi kwacho. Ada na sifa za kujiunga waulize chuoni wenyewe, hubadilika.