Kamwambia ageuke, kamera ikabaki palepale

Wiki hii nimepata barua tatu zinazogusa jambo moja, waigizaji wa kike kuvuliwa nguo kwenye muvi kubwa. Nimeziweka pamoja.

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, miaka 12, tunaishi Morogoro. Jumamosi tulikuwa sebuleni wote, mimi, mume wangu, mtoto na baba mkwe ambaye kaja toka kijijini kucheki presha, tukaweka Star Trek Into Darkness sababu mtoto anapenda mambo ya anga. Tunaangalia vizuri tu, mara yule dada Carol anamwambia Kapteni Kirk ageuke abadili nguo, Kirk kageuka kidogo alafu karudisha shingo, na sisi wote tukamwona dada wa watu kasimama na chupi na sidiria. Sekunde chache tu Anti lakini niliona kama saa nzima. Baba mkwe kainua kikombe cha chai ambacho kilishaisha akawa anakunywa hivyohivyo, mtoto macho kwenye zulia, rimoti natafuta siioni. Usiku mume wangu akaniambia nakuza mambo, eti hiyo ndo biashara, muvi bila hivyo haiuzi, yule dada kalipwa na kakubali mwenyewe, na mbona Kirk nae anaonekana kifua wazi. Mi nasema ile sini haikuwa na kazi yoyote. Nani yuko sahihi? Na mtoto nimjibu nini, maana kesho yake kaniuliza, "Mama, kama hakutaka aonekane mbona sisi tulimuona?"

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa ile jioni. Nianze na mtoto wako, sababu kwenye nyumba nzima yeye ndo kaigusa penyewe. Carol kasema geuka. Maana yake ndani ya hadithi hataki kutazamwa. Lakini kamera haikugeuka, imebaki palepale ikatuweka machoni kwa Kirk, tukapiga chabo pamoja nae bila kuulizwa kama tunataka. Ndo maana baba mkwe akakimbilia kikombe. Mzee wa umri ule kashaona mengi, mwili wa mwanamke hauwezi kumshtua, kilichomsumbua ni kuwekwa dirishani achungulie mbele ya mkwewe na mjukuu wake.

Sasa ona kitu kingine. Yule Carol ni nani kwenye hadithi? Ni mtaalam wa silaha, kaingia kwenye chombo kwa jina la uongo sababu ana wasiwasi na yale makombora, na muda ule anabadili nguo alikuwa anamweleza Kirk namna watakavyofungua kombora moja kule nje wajue lina nini ndani. Hiyo ni habari nzito, muvi nzima inategemea kilichomo kwenye makombora. Alafu waulize wote mliokuwa sebuleni alikuwa anasema nini, nadhani hamna atakayekumbuka hata neno moja.

Na mchezo huu sio wa muvi moja. Kwenye Iron Man 2 ya 2010, Scarlett Johansson akiwa Natasha anabadili nguo siti ya nyuma ya gari anaenda kupigana, dereva anamchungulia kwenye kioo, yeye anamwambia atazame barabara, na sisi je? Tunatazama kioo. Yani ni ileile, mwanamke anasema usiangalie, kamera inasema angalia. Transformers ya 2007 ndo inaniuma zaidi, kwasababu yule binti Mikaela wa Megan Fox anajua magari kweli, anafungua boneti anataja vitu vya injini kimoja kimoja, anaona tatizo liko wapi, na kamera muda wote inamtembeza tumboni na kiunoni. Wameandika msichana fundi alafu wakaupiga picha mwili wake tu. Mi nimekulia karibu na gereji, nilivyoiona mara ya kwanza nilifurahi sana kuona binti anashika injini, ile furaha haikufika hata dakika.

Kwahiyo kwenye ubishi wenu uko sahihi wewe, na sikupi ushindi kwa upendeleo, wenye muvi wenyewe walishakubali. Damon Lindelof, mmoja wa walioandika na kuprodyuzi ile Star Trek, aliomba radhi hadharani Mei 2013 muvi ikiwa bado iko kwenye majumba ya sinema, akakiri kwamba walitakiwa wafanye vizuri zaidi kuliko kumweka mwigizaji karibu uchi bila sababu. Dairekta J.J. Abrams nae alienda kwenye shoo ya Conan O'Brien kujieleza, akaonyesha na kipande cha Benedict Cumberbatch anaoga ambacho kilikatwa. Sasa hicho kipande cha kuoga kilikatwa na hadithi haikupungukiwa kitu, mbona cha Carol kilibaki, na kikawekwa mpaka kwenye trela?

Hoja ya baba watoto kwamba bila hivyo haiuzi, mwambie aangalie hela. Star Wars: The Force Awakens ya 2015 iliingiza zaidi ya dola bilioni 2 duniani na stelingi wake ni msichana, Rey, kavaa suruali, mikono kafungia vitambaa, mwanzo mpaka mwisho. Into Darkness na chupi yake iliingiza milioni 460 na kitu. Sisemi nguo ndo zimeleta hiyo tofauti, Star Wars ni jina kubwa, nachosema ni kwamba watu walijaa kumwona Rey bila kuahidiwa mwili wake.

Lakini kuna sehemu ya biashara mumeo kaigusa. Marekani toka 1984 kuna daraja linaitwa PG-13, yani mzazi anaonywa kwamba vingine havifai kwa mtoto chini ya miaka 13 ila mlango uko wazi, mtoto anaingia. Muvi za mamilioni nyingi zinalenga hapohapo sababu ndo familia nzima inakata tiketi. Mwanamke akivuliwa sana muvi inasukumwa kwenye daraja la juu, watoto wanazuiwa kuingia peke yao na hela inapungua. Kwahiyo chupi na sidiria hazijaangukia pale kwa bahati, ni kipimo, kinatosha kuvuta vijana na hakitoshi kufukuza watoto. Ndo maana muvi ya vyombo vya anga uliyoiamini ikakuaibisha mbele ya mkweo.

Kuhusu kifua cha Kirk, ni kweli wanaume nao wanavuliwa, na wanateseka pia, Hugh Jackman kaeleza mara nyingi alivyokuwa anajinyima maji kabla ya kupigwa picha kama Wolverine, yule shujaa wa muvi za X-Men, ili misuli itokeze. Siyafurahii hayo. Ila tazama Captain America ya 2011, kijana mwembamba anaingia kwenye mashine anatoka kifua kimejaa, pale mwili ndo hadithi, ukimvisha shati hatujui kama dawa imefanya kazi. Shida sio ngozi. Na Kirk hajawahi kusema geuka tukakataa.

Mtoto mwambie ukweli. Mwambie hivi, yule dada alisema asitazamwe na waliotengeneza muvi hawakumheshimu, walikosea, na mmoja wao aliomba radhi. Carrie Fisher, yule Princess Leia aliyevishwa bikini na mnyororo shingoni kwenye Return of the Jedi ya 1983, nayo ni Star Wars, aliwahi kupelekewa swali kama lako, mzazi mmoja alikuta mdoli wa Leia kwenye vazi lile akawa hajui binti zake awaeleze nini. Akajibu kwamba waambie lile lidude kubwa lilimteka, likamlazimisha avae vile, na yeye akaliua. Na kweli kwenye muvi analinyonga lile lidude, linaitwa Jabba, kwa mnyororo uleule. Baadae alisimulia walivyomtaka akae kanyooka muda wote asionekane na mkunjo hata mmoja ubavuni, fikiria binti wa miaka ishirini na kitu anaogopa kupinda mgongo. 2015 alimwambia Daisy Ridley aliyecheza Rey apiganie mavazi yake, asiwe mtumwa kama alivyokuwa yeye. Ukitaka mtoto asahau ya Jumamosi mwekee hizo mbili, akiona Leia anavuta ule mnyororo ataelewa bila wewe kuhubiri.

SWALI: Anti shikamoo. Naandika skripti ya muvi fupi, niko Dodoma na wenzangu wanne. Kuna msichana kwenye hadithi anatoroka kwao usiku, wenzangu wanataka kabla hajatoroka tumwonyeshe anaoga, wanasema itavuta views. Mi roho inasita ila sina hoja. Wananiambia mbona Titanic kuna dada yuko uchi kabisa na dunia nzima inaiheshimu.

JIBU: Marahaba. Hoja unayo, hujaisema tu. Ondoa ile sini ya Rose kuchorwa kwenye Titanic uone kinachobaki. Muvi inaanza watafutaji wanatoa kasiki baharini wakitegemea kukuta almasi, wanakuta mchoro wa msichana kavaa ile almasi na hajavaa kingine, mchoro unaonyeshwa kwenye tivii, bibi kizee anauona anapiga simu anasema huyo ni mimi. Bila ule mchoro bibi haji, na asipokuja nani atatusimulia? Mlango wote wa hadithi uko pale.

Alafu angalia nani anaamua. Rose ndo anaomba achorwe, anampa sarafu Jack, yule mchoraji, kama mteja, na anayeona haya ni huyo Jack. Kamera inakaa sana kwenye macho na kwenye mkono unaochora, ambao kwa taarifa yako ni mkono wa James Cameron mwenyewe. Huyo binti toka muvi ianze mama yake na mchumba wake wanamchagulia kila kitu, hapo ndo mara ya kwanza anaamua aonekane vipi na nani. Hakusema geuka, kasema nitazame. Hizo ni sini mbili tofauti kabisa japo ngozi ni ileile.

Sasa wa kwako anaoga alafu anatoroka. Kuoga kunatuambia nini ambacho hatukijui? Kama hamna, toa. Kama kuna kitu, mfano ana alama za fimbo mgongoni na hapo ndo tunajua anakimbia nini, basi piga picha mgongo na zile alama, na dada atakayeigiza ajue toka siku mnampa skripti. Views za kuoga mtazipata wiki moja, na huyo dada mtaani kwao ataitwa jina la hiyo sini miaka kumi.

SWALI: Shikamoo Anti, naomba usitaje nilipo. Nimepata nafasi ya kwanza kuigiza, skripti niliyopewa haikuwa na sini ya kitandani. Jana dairekta kasema imeongezwa na tunapiga kesho kutwa, nikisita ananiambia wenzako wanafanya, hujiamini. Nafasi naitaka sana. Nimelia.

JIBU: Marahaba mwanangu, barua yako nimekujibu kwa simu siku ileile, hapa naandika kwa ajili ya wenzako.

Kulia sio kutojiamini. Salma Hayek mwaka 2002 alikuwa staa na prodyuza wa muvi yake mwenyewe, Frida, na Desemba 2017 aliandika kwenye New York Times kwamba Harvey Weinstein, bosi mkubwa wa muvi Hollywood, alimshinikiza aongeze sini ya mapenzi na mwanamke mwenzie akiwa uchi, la sivyo muvi haimaliziki. Akaandika kwamba siku ya kupiga ile sini mwili ulimkatalia, akatetemeka, akalia, akatapika, mpaka akameza dawa ya kumtuliza. Huyo ni mtu mwenye jina na hela. Kwahiyo ile hoja ya "kakubali mwenyewe" mi naipokea kwa tahadhari sana, nataka kujua kakubali lini, kaulizwa na nani, na angekataa angepoteza nini.

Wenzetu huko wamejifunza kwa maumivu. HBO, kampuni ya televisheni ya Marekani, toka 2018 wanaweka mratibu wa sini za faragha, mtu ambaye kazi yake ni kukaa na mwigizaji kabla, wakapanga mkono unapita wapi na kamera inaona mpaka wapi, vilevile kama mnavyopanga ngumi isimpate mtu usoni. Chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kikatoa mwongozo wake 2020. Na mkataba wao unakuwa na karatasi ya pembeni inayotaja wazi kitakachoonekana, kisichoandikwa hakipigwi.

Hapa kwetu prodakshen ndogo nyingi hazina mratibu, lakini karatasi na peni hazikosekani. Mwombe akuandikie hiyo sini, nani yupo seti, umevaa nini, kinaonekana nini, na kipande utakiona kabla hakijatoka. Muulize mbele ya watu wawili watatu hiyo sini inafanya kazi gani kwenye hadithi. Dairekta mwenye sababu ataieleza, na ukishaielewa unaweza hata ukaikubali, ni haki yako pia. Asiye na sababu atakasirika. Nenda na dada yako au mama mdogo, na siku hiyo usikubali kubaki na dairekta chumbani wawili tu "kufanya mazoezi". Akikutoa kwenye muvi kwa hayo niandikie tena, nina watu wawili nawafahamu wanaotafuta waigizaji wapya na seti zao nimezikanyaga mwenyewe.