Kufunga gesi kwenye IST: kit kamili au kuokoteza vifaa? Usiokoteze, mkuu

Mkuu mleta mada, huyo jamaa wa vifaa usimtumie advansi leo. Kesho pia usimtumie. Nimekusoma vizuri: una Toyota IST ya cc 1500, unapigia kazi ya abiria, unataka itumie gesi badala ya petroli, karakana imekupa bei ya milioni 1.9 kit kamili (vifaa vyote vya seti moja) pamoja na kufunga, halafu kuna muuza spea wa mtaa wa Gerezani hapa Dar anakushawishi ununue kimoja kimoja, reguleta kwake, kompyuta kwa rafiki yake, mtungi wa gari lililopata ajali, umpe fundi wa kijiweni kwako afunge, utoke na milioni 1.3 au 1.4. Umeuliza pia mtungi wa lita ngapi. Tuanze na hili la kuokoteza, maana njia hiyo nimeipita na gharama yake nimeilipa mimi na familia yangu.

Kwanza ujue unachonunua. Gesi tunayojaza pale Ubungo inatoka Songo Songo kwa bomba, kituoni inasindiliwa mpaka baa 200. Tairi ya IST yako ina baa mbili na ushee tu. Kazi ya reguleta ni kuishusha hiyo 200 mpaka kama 2 hivi kabla haijafika kwenye injini, na gesi ikishushwa presha namna hiyo inapoa mpaka inagandisha, ndiyo maana mipira ya maji ya moto ya injini inapitishwa kwenye reguleta. Kutoka hapo gesi inapita filta inaingia kwenye injekta zake nne. Injekta hizo zinaendeshwa na kompyuta ya gesi, ambayo haina akili yake peke yake: inasoma muda ambao injekta za petroli zingefunguka, inauzidisha kwa hesabu iliyowekwa na fundi kwa laptop, inaangalia presha na joto la gesi, kisha inafungua za gesi. Hesabu hiyo inategemea aina ya injekta, ukinzani wa koili zake, ukubwa wa tundu la nozeli na presha ya reguleta. Ukibadilisha kimoja, hesabu yote imeharibika. Waitaliano wanaotengeneza hivi vitu, akina Lovato, BRC na Landi Renzo, wanaviuza kwa seti, na si kwa sababu wanapenda maboksi makubwa. Vimepimwa pamoja.

Sasa mimi nilifanyaje? Nilinunua injekta kwa muuza spea mmoja, kompyuta kwa mwingine. Injekta zilitoka chini ya kaunta zimefungwa kwenye gazeti, mpya kwa macho, lakini nozeli zake mbili zilikuwa na tundu kubwa kuliko zile nyingine mbili. Ukizishika kwenye mwanga unaona kabisa. Nikamwonyesha muuzaji, nikamuuliza na kama zinaendana na ile kompyuta. Akanijibu bila hata kuinua uso: gesi ni gesi, kompyuta inajifunza yenyewe. Mtu anayeuza vifaa vya gesi kila siku ya Mungu ananiambia hivyo! Hajui au anajua na hajali, vyote viwili ni vibaya, na mpaka leo nikipita mtaa ule damu inanichemka.

Fundi akafunga. Kweli gari likatembea. Kilo moja ya gesi, wakati ule shilingi 1,550, inafanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo jioni hesabu ya bosi aliyenikopesha gari ipo na changu kipo, nikawa nawasifia wale watu kwa kila abiria. Halafu taa ya injini ikaanza kuwaka, hasa nikipandisha Kimara na gari limejaa. Fundi anachomeka kile kidude cha kusomea kwa simu, kodi ya hitilafu inatoka P0171, anafuta, taa inazima, ananiambia twende kazi. Ikiwaka tena anafuta tena.

Mkuu, P0171 maana yake injini inalalamika kwamba hewa ni nyingi na mafuta hayatoshi. Zile nozeli ndogo zilikuwa hazipitishi gesi ya kutosha. Kompyuta ya petroli ya Toyota ikiona hivyo kupitia sensa ya oksijeni inaongeza muda wa injekta kufunguka, inaongeza tena, mpaka inafika mwisho wa uwezo wake, kisha ndiyo inawasha taa. Ndiyo maana nikirudisha kwenye petroli gari lilikuwa linanuka mafuta na silensa inatema moshi mweusi, kwa sababu lile ongezeko limeshaingia kwenye kumbukumbu na petroli sasa inamwagwa kupita kiasi. Dalili zote zilikuwa mezani. Kumfutia mtu taa bila kumwambia hayo ni sawa na kung'oa king'ora cha moto ili watu walale.

Na kibaya zaidi kinatokea ndani, hukioni. Gesi ni kavu, haina cha kulainisha siti za valvu, yaani pale valvu inapokaa ikifunga. Mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi, joto la ekzosi linapanda, siti zinalika upesi. Injini ya IST yako, 1NZ-FE, haina vile vifaa vya oili vinavyojirekebishia vyenyewe nafasi ya valvu, yaani ule uwazi mdogo juu yake. Nafasi inawekwa kwa mkono kwa kubadilisha vikombe vinavyokaa juu ya valvu. Siti ikizama, valvu inapanda juu, nafasi inapungua mpaka inaisha, na valvu haifungi tena sawasawa. Moto wa kila mlipuko unapenya kwenye ule upenyo na kukata ukingo wa valvu. Asubuhi moja gari likaamka linatetemeka, plagi zikabadilishwa, koili zikahamishwa, wapi. Kupima kompresheni, yaani presha ya ndani ya silinda, silinda tatu zinasoma baa 13, moja inagota 4.

Hedi, kichwa cha injini, ilipofunguliwa nilisimama pale pale. Valvu ya ekzosi ya ile silinda ilikuwa imelika kipande kwenye ukingo, imepauka rangi ya majivu, siti yake imezama unaiona kwa jicho. Na ni silinda ipi? Mojawapo ya zile zenye nozeli ndogo.

Piga hesabu nami. Nilianza na milioni 1.35 ya kuokoteza. Hedi kufungua, valvu, kusaga siti, gasketi na kazi ya fundi ikala laki tisa na nusu. Injekta na kompyuta vikatupwa, nikanunua vya seti moja na kutyuniwa upya kwa laptop, laki sita. Hiyo ni milioni 2.9, wakati bei ya kit kamili niliyoikimbia ilikuwa 1.9. Hapo sijaweka siku ambazo gari lililala na bosi anataka hesabu yake kama kawaida. Ada ya shule ya muhula ule ilitoka kwa shemeji. Anayetaka kucheka acheke, lakini achekee mbali na IST ya huyu ndugu.

Nilirudi kwa wote watatu. Muuza injekta akasema kosa ni la kompyuta. Muuza kompyuta akasema kosa ni la aliyefunga. Aliyefunga akasema nimeweka petroli chafu. Hakuna hata mmoja aliyenipa risiti yenye jina la kifaa, na kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kumsukumia. Na rafiki yangu wa kijiweni, aliyenipeleka kwao, nikaja kujua ana cha juu kwa kila kitu nilichonunua, mpaka mipira ya maji! Mtu unakula naye chipsi mchana, anakuona una gari la mkopo, na bado anakupeleka machinjioni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sitaipunguza: anayekuuzia ndiye afunge, anayefunga ndiye atyuni, na anayetyuni ndiye asaini karatasi yenye namba ya mtungi na namba za vifaa. Mlango mmoja. Gari likileta shida unarudi mlango ule ule na hana wa kumtupia. Ukimpelekea fundi vifaa ulivyonunua mwenyewe, umeshampa sababu ya kukukana kabla hajashika spana. Chuo cha teknolojia cha DIT wana karakana yao ya kubadilisha magari, na zipo karakana nyingine zilizosajiliwa hapa Dar. Bei zao zinapishana, kutegemea sana mtungi, lakini zote zinakupa mtu wa kumdai.

Na usidanganyike na boksi. Wajanja wameshajua watu wanataka kit, wanachanganya vitu vinne vya viwanda vinne wanaweka kwenye boksi moja wanaandika kit. Waambie wakufungulie. Jina la kwenye kompyuta, aina ya injekta na modeli ya reguleta viwe vimeorodheshwa kwenye kitabu cha boksi hilo hilo. Siku ya kukabidhiwa usikubali funguo mpaka wametyuni mbele yako: laptop imechomekwa, mnatembea barabarani kwa petroli kwanza, kisha kwa gesi njia ile ile, na kwenye skrini mstari wa petroli na wa gesi uwe umelaliana. Ukiona imeachana, wasahihishe siku hiyo hiyo. Fundi anayekwambia haihitaji laptop, chukua gari lako uondoke.

Kuhusu huo mtungi wa gari la ajali, hapo hatuzungumzii hela tena, tunazungumzia roho za abiria wako. Mtungi wa gesi ya magari umegongwa maandishi shingoni: presha ya kazi baa 200, presha ya majaribio baa 300, ujazo wa lita, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Ile ya kiwango cha ISO 11439 maisha yake hayazidi miaka 20, hata ungeupaka rangi kila mwezi. Mtungi uliogongwa, uliobonyea au uliokutana na moto hauuzwi, unaharibiwa. Wewe unataka kuulaza kwenye buti, mgongoni kwa mtoto wa mtu, kwa sababu umeokoa laki mbili?

Na reguleta. Tafuta duara lenye herufi E na namba ndani yake. Pembeni yake kuna maandishi madogo. Ukiona yanaanza na 110R, hicho ni cha gesi yetu hii. Ukiona 67R, hicho ni cha gesi ya mitungi kama ya jikoni, ambayo presha yake haifiki hata theluthi ya 200, haifiki hata robo. Nimeshaona kwa macho yangu reguleta ya 67R ikiuzwa kama ya IST, imesafishwa inang'aa, na muuzaji anaapa. Ukiifunga hiyo kwenye baa 200 sijui nikwambie nini, na sitaki kufikiria ikikupata ukiwa kwenye foleni ya Tazara.

Najua watakuja wakuu hapa kusema wao waliokoteza na gari linadunda mwaka wa tatu. Nawaamini. Wengi wao ni mafundi, wana laptop na kebo, wanajua kupima nozeli kwa drili biti, wana rafiki wa kuwarudishia kifaa kibovu. Mtu wa namna hiyo akiokoteza ni sawa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye ule mlango mmoja. Wewe umeandika kwamba hujui reguleta inakaa upande gani. Usishindane na hao.

Mtungi chukua wa lita 60 kama buti inaruhusu, unaingiza kama kilo kumi za gesi. Petroli usiache tanki kavu kabisa, gari linawaka kwa petroli kwanza mpaka maji yapate moto, na pampu iliyo ndani ya tanki ikikosa petroli ya kuipoza inakufa. Nafasi za valvu zipimwe mara kwa mara hata kama kit ni nzuri, mwambie fundi akuandikie vipimo kwenye karatasi, na kila akipima ulinganishe.

Huyo jamaa akikupigia leo usiku akikwambia kuna mteja mwingine anataka ule mtungi, mwambie amuuzie. Na kama bado moyo wako uko kwake, kabla hujatuma hata elfu kumi mwombe picha mbili, ya shingo ya mtungi na ya bati la reguleta, zisomeke namba zote. Ziweke hapa hapa, usiku huu huu, nitakusomea moja moja.