Maswali ya Wasomaji: Cheni Inayotoka na Gurudumu la Nyuma Lisilonyooka

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu kutoka Kibaigwa, Chamwino, Bahi na Mpunguzi zinahusu sehemu ya nyuma ya pikipiki na guta, yaani shokapu, springi, cheni na unyoofu wa gurudumu. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu zaidi, kwa sababu anayeielewa atakuwa ameshapata nusu ya majibu ya nyingine.

*Mhariri, shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Kibaigwa na kazi yangu kubwa ni kuleta magunia ya mahindi sokoni kutoka vijijini. Cheni ya pikipiki yangu ya cc 150 hutoka kwenye sproketi ya nyuma (gurudumu la meno) kila ninapoingia kwenye shimo nikiwa na mzigo. Nilinunua seti mpya ya cheni na sproketi, lakini kabla msimu haujaisha meno yakawa yameliwa upande wa ndani tu. Fundi ananionyesha alama za kukazia cheni na kusema ziko sawa pande zote mbili. Tatizo liko wapi?*

Marahaba, ndugu dereva. Katika barua yako yote, maneno yaliyonisaidia zaidi ni hayo ya meno kuliwa upande wa ndani tu. Cheni inayokwenda sambamba na sproketi zake hula meno kwa usawa, na ikichakaa inachakaa kwa kurefuka. Meno yanapoliwa ubavuni, maana yake ni kwamba bamba za cheni zinasugua meno hayo kwa sababu sproketi ya mbele na ya nyuma haziko kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo hata ukinunua seti ya tatu, itakwenda njia ile ile ya mbili za mwanzo mpaka kinachopindisha gurudumu kipatikane.

Alama anazokuonyesha fundi wako zisikupe imani kubwa. Hugongwa kwa haraka kiwandani, na pikipiki iliyowahi kuanguka au kuchomelewa inaweza kuwa na alama zinazolingana huku ekseli ikiwa imekaa mshazari. Kipimo cha kuaminika kinaanzia kwenye egemeo, yaani ile boliti kubwa inayoushika uma wa nyuma, ile mikono miwili ya chuma inayobeba gurudumu, kwenye fremu. Pima kwa futi ya chuma kutoka katikati ya boliti hiyo mpaka katikati ya ekseli, upande wa kulia kisha wa kushoto, na tofauti isizidi milimita 1. Ikizidi, rekebisha skrubu za kukazia cheni kwa kufuata futi, alama uziache.

Lakini kabla ya kupima chochote, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, ushike tairi la nyuma kwa mikono miwili, mmoja nyuma na mmoja karibu na uma, ulisukume kushoto na kulia. Mwenzako aangalie kwa karibu. Ikiwa gurudumu linacheza huku uma umetulia, beringi za gurudumu zimekwisha. Ikiwa uma wenyewe unacheza pale kwenye egemeo, bushi, yaani vipete vinavyolizunguka egemeo, zimekwisha. Bushi ni vitu vidogo vya bei ndogo, na pengine ndiyo sababu hazikumbukwi. Hata hivyo, zikichakaa hakuna kipimo kitakachodumu: utanyoosha gurudumu pikipiki ikiwa tupu, kisha gunia la kilo 100 litausukuma uma upande mmoja na kupindisha kila kitu upya. Kwa kuwa cheni yako hutoka wakati wa mzigo, bushi hizi ndizo ninazozishuku kuliko kitu kingine.

Kagua pia raba zilizomo ndani ya habu ya nyuma (kitovu cha gurudumu), zile zinazopokea mshtuko kati ya sproketi na gurudumu. Shika sproketi kwa mkono uizungushe mbele na nyuma bila kuzungusha gurudumu. Kuchezacheza kidogo ni kawaida, lakini ikienda na kurudi kwa urahisi, au ikiyumba ubavuni, raba zimekufa au sproketi imelegea.

Hayo yakiwa salama, tumia uzi mrefu wa nailoni. Uzungushe nyuma ya tairi la nyuma, uvute ncha zote mbili kuelekea mbele, moja kila upande, ukiuweka juu kadiri unavyoweza bila kugusa stendi wala bomba la moshi. Kila uzi uguse tairi la nyuma sehemu mbili, ukingo wa nyuma na ukingo wa mbele. Kwa kuwa tairi la mbele kwa kawaida ni jembamba kuliko la nyuma, utaona nafasi kati yake na uzi kila upande. Nyoosha usukani, kisha linganisha nafasi hizo. Zikiwa sawa, magurudumu yamefuatana. Sasa chuchumaa nyuma ya pikipiki uitazame cheni kwa jicho moja kutoka sproketi ya nyuma hadi ya mbele. Ikiwa uzi unasema magurudumu yamenyooka lakini cheni inaonekana kupinda, au cheni imenyooka na uzi unakataa, basi usiendelee kuhangaika na skrubu, kwa sababu kuna kitu kilichopinda au kilichofungwa vibaya: uma, fremu, rimu iliyovutwa upande mmoja na spoki, au kibushi cha ekseli (kipande cha bomba kinachotenga gurudumu na uma) kilichorudishwa upande usio wake tairi lilipozibwa pancha. Hilo la mwisho hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hivyo ukipeleka gurudumu kwa mziba pancha, angalia kila kipande kinatoka upande gani.

Limebaki suala la ukazaji. Mwili wa pikipiki ukishuka kwa uzito, ekseli ya nyuma hukaribia mstari ule unaopita kwenye sproketi ya mbele na egemeo, na katika mstari huo cheni hukaza kuliko mahali pengine popote. Gurudumu linapodondoka shimoni, kinyume chake hutokea na cheni hulegea. Ndiyo maana shokapu na cheni haziwezi kushughulikiwa kama mambo mawili. Ukiikaza cheni sana pikipiki ikiwa tupu, magunia yataivuta mpaka beringi ya shafti ya giaboksi iumie. Ukiilegeza sana, itatoka kwenye shimo la kwanza. Kwa pikipiki nyingi za aina yako, cheni ichezee juu na chini kati ya milimita 20 na 30 katikati ya sehemu yake ya chini. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni iliyochakaa huwa na mahali inapokaza na mahali inapolegea, nawe uifunge kwa kufuata pale inapokaza zaidi. Mbebaji wa mizigo kama wewe akae karibu na 30, kisha amkalishe mtu mzito juu ya kiti na kuhakikisha kwamba bado cheni ina nafasi ya kucheza.

Kuijua cheni iliyokwisha ni rahisi. Pikipiki nyingi hizi hutumia cheni namba 428, ambayo umbali wa pini moja hadi nyingine ni milimita 12.7. Vuta cheni ikaze, upime viungo 20, yaani kutoka pini ya 1 hadi ya 21. Mpya hutoa milimita 254. Ikifika 259, itoe pamoja na sproketi zote mbili. Wakati wa kufunga mpya, klipu ya kiungo iwekwe ncha yake iliyoziba ikitazama cheni inakoelekea. Kabla ya kukaza nati ya ekseli, weka kitambaa kilichokunjwa kati ya cheni na sproketi ya nyuma na uzungushe gurudumu taratibu kwa mkono mpaka cheni ivute ekseli na kuikalisha sawasawa kwenye skrubu zake, la sivyo nati yenyewe itakuharibia kipimo ulichokitafuta kwa taabu yote hiyo. Injini iwe imezimwa wakati wote. Watu wamepoteza vidole hapa, kati ya cheni na sproketi, wakidhani gia iko huru.

*Ndugu mhariri, shokapu ya kulia ya pikipiki yangu inavuja oili. Hapa Chamwino nimeshauriwa mambo mawili: kutafuta shokapu moja iliyotumika niweke upande huo, au kukaza springi ya upande unaovuja hadi hatua ya mwisho. Lipi ni bora?*

Hakuna lililo bora kati ya hayo mawili, na la pili ni la hatari. Springi hubeba uzito. Oili iliyomo ndani ya shokapu kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kuruka baada ya kushtuliwa. Oili ikishatoka, kuikaza springi kunaongeza nguvu ya kuruka huku kizuizi kikiwa hakipo, na gurudumu hupoteza mguso wake na barabara hasa pale unapolihitaji, kwenye kona na kwenye breki. Tena, upande mmoja ukiwa mgumu kuliko mwingine, uma hujikunja kila unapopita kwenye tuta, na baada ya muda utatuandikia barua kama ya mwenzako wa Kibaigwa.

Hakikisha kwanza kwamba kweli inavuja. Ifute kabisa, endesha siku moja, kisha itazame: vumbi letu jekundu hushika haraka sana penye oili, na utaona pete ya matope mabichi kuzunguka fimbo ya shokapu. Halafu kandamiza kiti kwa nguvu na uachie. Shokapu nzima hurudi juu na kutulia. Iliyokufa huendelea kucheza juu na chini. Ukithibitisha, nunua mbili mpya za urefu uleule na uzifunge pamoja, hatua za springi zikiwa sawa kushoto na kulia. Kama fedha haitoshi leo, punguza mzigo, acha kabisa mishikaki (kubeba abiria zaidi ya mmoja), na usubiri mpaka uweze kununua zote mbili. Usikubali shokapu yako ichomelewe au ipashwe moto ili inyooshwe. Baadhi zina gesi yenye mgandamizo ndani, na moto unaweza kuzilipua usoni mwa fundi.

*Je, oili chafu ya injini inafaa kwa cheni? Msomaji, Bahi.*

Kwa mkoa wenye kiangazi kirefu kama wetu, haifai. Ina masizi na chembe za chuma, na ikichanganyika na mchanga inakuwa tope linalosaga pini. Safisha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, iache ikauke, paka oili ya gia kidogo kwa upande wa ndani wa cheni, ngoja kidogo, kisha futa yote iliyobaki nje. Kinachohitaji oili ni pini, si bamba.

*Mheshimiwa mhariri, mimi ni mkulima wa zabibu Mpunguzi. Guta langu la magurudumu matatu siku hizi linakwenda kiubavuubavu, usukani lazima niushikilie upande mmoja, tairi moja la nyuma linaliwa haraka, na nikianza kuondoka kuna mlio wa chuma kugonga chini. Zabibu zinafika mjini zimepondeka. Mafundi wawili wamekagua usukani na kusema ni mzima.*

Ndugu mkulima, nakubaliana nao kuhusu usukani. Dalili zote nne ulizozitaja zinaelekeza nyuma, kwenye ekseli iliyohama. Ekseli ya guta lako imekalia springi bapa, yaani majani ya chuma yaliyopangwa pamoja, na kila fungu la springi limeshikwa katikati na boliti moja ambayo mafundi huiita sentaboliti. Kichwa chake hukaa ndani ya tundu la ekseli na ndicho kinachoizuia isiteleze mbele au nyuma. Yuboliti, yaani boliti zenye umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, zikilegea, mzigo wote huiangukia sentaboliti, na siku moja hukatika kimya kimya. Hapo ekseli hurudi nyuma upande mmoja, guta linakwenda mshazari, na kila unapoondoka ekseli husogea na kugonga. Huo ndio mlio unaousikia.

Unaweza kuthibitisha bila fundi. Liendeshe guta tupu, pole pole na moja kwa moja, juu ya mchanga mlaini, kisha shuka upime nyayo zake. Alama ya gurudumu la mbele inatakiwa kupita katikati kabisa ya alama mbili za nyuma. Baadaye, likiwa limesimama sawa, pima kila upande kutoka kwenye pini ya mbele ya springi hadi katikati ya ekseli. Upande uliozidi ndio uliokatika.

Dawa yake ni sentaboliti mpya ya kipenyo kilekile, si kipande cha nondo kilichochomelewa, na jani lolote la springi lenye ufa litolewe. Badilisha yuboliti zote nne kama nyuzi zake zimevutika. Kagua pia maungio ya shafti, kwa sababu yamekuwa yakifanya kazi yakiwa yamepinda, na kama breki zako za nyuma ni za kuvutwa kwa fimbo, zipimwe upya kila upande: ekseli inapohama huvuta fimbo moja na kulegeza nyingine, na kuvutwa huko upande mmoja kunaweza kulipindua guta lenye kreti kwenye mteremko. Usipakie zabibu kabla breki hazijapimwa. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kaza yuboliti tena, kwa sababu springi mpya hujikalisha na kuacha nati zikiwa zimelegea.